Mikwaruzo ya sakafu ya mbao isikulie dipoziti

Ukitafuta keja Kileleshwa, Kilimani, Parklands ama Ngara, kuna sentensi moja broka hasahau kukutupia: "Hii iko na sakafu ya mbao." Anagonga kisigino chini usikie mlio, halafu ndipo anakutajia kodi. Wewe unaangalia vile vibao vifupi vya kahawia vilivyopangwa kama mfupa wa samaki, unaona tayari vile picha zitatoka poa, unalipa.

Miaka miwili baadaye unahama. Sofa inasogezwa, na hapo chini kuna mistari minne meupe imechora njia kutoka dirishani hadi mlangoni. Keateka anapiga picha. Jioni landilodi anakutumia ujumbe kwamba dipoziti itabaki kwake, "ya kurekebisha sakafu". Kodi ya mwezi mzima imeenda hivyo, na mara nyingi imeenda kwa kitu ambacho ungekitengeneza mwenyewe Jumamosi moja kwa msasa, kopo la nta na kipande cha blanketi kuukuu.

Tofauti ya mbao na taili ni hii: taili ikipasuka imekwisha, unang'oa unaweka nyingine. Mbao inatibika. Lakini pia mbao inaweza kuharibiwa na daktari. Watu wengi hawaumizi sakafu kwa kuikwaruza, wanaiumiza kwa kuirekebisha kwa pupa. Kwa hivyo shika kanuni moja kutoka hapa hadi mwisho: anza na dawa nyepesi kabisa, ikikataa ndipo uende kwa nzito.

Kwanza, hakikisha ni mbao kweli

Apatimenti nyingi mpya zinazochipuka mtaani hazina sakafu ya mbao. Zina picha ya mbao. Ni ubao wa kushindiliwa au plastiki iliyobandikwa karatasi yenye mistari ya mti, kisha ikafunikwa kwa ngozi ngumu inayong'aa. Ukiipiga msasa unaitoa ile picha, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Utajuaje? Tazama vibao kumi hivi kwa makini. Kama lile fundo la mti linajirudia sawasawa kwenye kibao cha tatu na cha saba, hiyo ni chapa. Miti miwili haifanani hivyo. Chungulia pia pale sakafu inapokatika, kwenye kizingiti cha mlango au chini ya kabati la jikoni. Mbao halisi ina mistari inayoendelea kutoka juu hadi chini. Ya bandia utaona tabaka, kama mkate uliopakwa siagi.

Kama yako ni ya bandia, usiende na msasa. Mkwaruzo mdogo ufiche kwa nta ya rangi inayofanana, na kibao kilichoharibika kabisa kibadilishwe.

Kuna pia za katikati: juu kuna ngozi nyembamba ya mbao halisi, chini mbao rahisi. Hizi zinavumilia msasa wa mkono, tena kidogo tu. Mashine itazimaliza.

Unakanyaga mti gani?

Sakafu nyingi za nyumba za zamani ziliwekwa miti ya hapa kwetu na ya majirani: mvule, mahogani, na muhuhu. Huu muhuhu ndio wachongaji wa vinyago huuita muhugu. Ni mti mzito, mgumu, na unakua polepole sana, ndiyo maana kibao kilichowekwa kabla mzazi wako hajazaliwa bado kimeshikilia.

Kupata mbao kama hiyo mpya leo si rahisi. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, na ilipofungua tena Julai 2023, kilicholengwa kilikuwa miti iliyopandwa na kukomaa, si ile ya kiasili. Ndiyo kusema kila milimita unayoisaga kwa msasa haitarudi. Vile vibao vyembamba vya mosaiki vina unene wa karibu milimita 8 pekee. Ukivisaga ovyo, anayekuja baada yako hatapata cha kusaga.

Jaribio la ukucha

Fagia, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke. Sasa pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukikatiza mstari.

Ukucha ukiteleza bila kukwama, umekwaruza ngozi ya juu tu, yaani nta au vanishi. Mbao yenyewe haina habari.

Ukucha ukikwama kidogo na rangi ya ule mstari ni nyeupe au ya mbao mbichi, umepita ngozi na kugusa mbao.

Ukucha ukizama, huo si mkwaruzo tena. Ni mtaro. Unahitaji kujazwa.

Kisha ujue ni nini kimepakwa juu, kwa sababu nta na vanishi hazipatani. Chukua kitambaa cheupe, kitie tapentaini kidogo ya wapaka rangi, usugue pembeni mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na uchafu wa manjano au kahawia unaonata, hiyo ni nta. Kikitoka safi, kuna uwezekano mkubwa ni vanishi. Fungua madirisha ukifanya hivi na usiwe na jiko limewaka karibu. Tapentaini inashika moto haraka.

Jaribio la mwisho ni tone la maji. Likikaa juu kama shanga, ngozi bado inafanya kazi. Likizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika chache, mbao yako iko uchi.

Mkwaruzo wa juu juu

Kama ni sakafu ya nta, umebahatika. Paka nta kidogo ya sakafu kwa kitambaa laini, acha ikauke, kisha sugua kwa kipande cha blanketi kuukuu hadi mkono uchoke. Mama zetu walikuwa wanapiga magoti Jumamosi na hilo hilo blanketi, na sakafu ilikuwa inarudisha uso wako kama kioo. Hakuna kilichobadilika. Mstari ukikataa kutoweka, sugua kwanza na nyuzi laini za chuma, zile zenye alama ya sufuri nne. Si ile ya kusugulia sufuria. Hiyo itaongeza mikwaruzo juu ya mikwaruzo.

Kama ni vanishi, usipake nta ukitumaini utapiga vanishi baadaye. Vanishi haishiki juu ya nta, itabanduka kama ngozi ya nyoka. Chukua msasa namba 220 au zaidi, gusa kidogo tu ule mstari mpaka weupe upungue, pangusa vumbi lote, kisha paka vanishi kwa brashi ndogo, safu nyembamba. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kuongeza ya pili. Safu mbili nyembamba zinashinda moja nzito kila siku. Na uangalie mng'ao: vanishi ya kung'aa juu ya sakafu iliyofifia itaonekana kama tope la mvua.

Kuhusu yale mambo ya mtandaoni ya kusugua sakafu kwa mafuta ya kupikia na siki: achana nayo. Ni kweli mkwaruzo utapotea kwa siku mbili tatu, kwa sababu mafuta yanaipa mbao giza. Lakini mafuta ya kupikia hayakauki vizuri. Yanabaki yakinata, yanashika vumbi, na ukihama kuna doa jeusi pale palipokuwa na mstari mwembamba. Siki nayo inafifisha ngozi ya juu.

Polishi ya viatu ya kahawia je? Inafanya kazi, na wengi wanaitumia. Kimsingi ni nta yenye rangi. Kwenye sakafu ya nta, mkwaruzo mwembamba ukipakwa polishi inayofanana na kusuguliwa utajificha vizuri. Usiitumie pahali unapopanga kupiga vanishi, na ijaribu kwanza nyuma ya mlango, kwa sababu rangi ikiingia kwenye mbao mbichi kuitoa ni kesi.

Ukucha ukizama

Hapa unahitaji unga wa mbao, ule laini kabisa unaotoka kwenye msasa, si maranda. Pita kwa maseremala wa Ngong Road ama Gikomba, uliza kama wana unga wa mbao ya rangi kama yako. Wengi watakupa bure wakikushangaa.

Changanya unga huo na gundi nyeupe ya mbao hadi iwe kama ugali laini. Kumbuka mchanganyiko ukikauka huwa na giza kuliko unga mkavu, na gundi hainywi rangi ya mbao tena. Kwa hivyo tengeneza kidogo, paka kwenye kipande cha mbao cha kutupa, subiri ikauke, ndipo uamue kama rangi imekubali. Ukitaka njia fupi, maduka ya hadiwea huuza fila za mbao za rangi mbalimbali.

Jaza mtaro kwa kadi ya plastiki, ile ya benki iliyopitwa na wakati inatosha. Pandisha kidogo juu ya usawa wa sakafu kwa sababu itanywea ikikauka. Acha usiku kucha. Kesho yake piga msasa namba 120 kusawazisha, kisha 220 kulainisha.

Sasa sikia siri ya sakafu hizi za vibao: usitibu doa, tibu kibao kizima. Ukipaka vanishi mpya kwenye duara katikati ya kibao, jicho litaliona hilo duara daima. Lakini ukibandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi kuzunguka kibao chote, ukakisugua na kukipaka kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka wa kazi yako unajificha kwenye mpaka wa kibao. Vibao havikuwahi kufanana rangi tangu mwanzo. Hakuna atakayejua.

Jambo la pili: fuata nyuzi za mbao. Kwenye mpangilio wa mfupa wa samaki, kibao kimoja kinaelekea kushoto, jirani yake kulia. Ukisugua vyote kwa mkupuo mmoja, nusu yake unavikata nyuzi na unaacha michirizi ambayo itaonekana vizuri vanishi ikishakauka.

Jambo la tatu, vaa barakoa. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule hasa huwasha ngozi na kifua cha watu wengi. Zile barakoa za wakati wa Covid zilizobaki kwenye droo ni afadhali kuliko kifua kitupu, lakini ile ngumu ya mafundi ndiyo bora.

Pasi na kibonyeo

Simu nzito au mtungi wa gesi ukianguka, mara nyingi haukati mbao. Unaibonyeza. Nyuzi zimebanwa tu, na zinaweza kuamka. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue, kiweke juu ya kibonyeo, kisha gusa kwa ncha ya pasi yenye moto wa wastani kwa sekunde chache. Inua, tazama, rudia. Mvuke unaingia kwenye nyuzi, zinavimba, shimo linapanda.

Inafanya kazi kwenye mbao iliyo wazi au ya nta. Kwenye vanishi nzima mvuke hauingii vizuri, na joto linaweza kuacha alama nyeupe, kwa hivyo utalazimika kutoa vanishi ya hapo kwanza. Na kama nyuzi zimekatika, pasi haitasaidia. Rudi kwenye unga wa mbao.

Madoa ya maji

Doa jeupe la kikombe liko kwenye ngozi ya juu. Nyuzi laini za chuma na nta kidogo huliondoa kwenye sakafu ya nta. Doa jeusi lililoachwa na chungu cha maua ni hadithi nyingine. Maji yamezama na mbao yenyewe imebadilika rangi, pengine ukungu pia umeingia. Msasa wa mkono hautalifikia. Wapo mafundi wanaolifuta kwa tindikali maalumu ya mbao, lakini hiyo si ya kuchezea kwenye bedsita unapolala na kupika chumba kimoja.

Kibao kinachocheza

Ukikanyaga na kibao kikaita "tak", kimeachia. Kwenye nyumba za zamani vibao vingi vilibandikwa kwa lami. Kitoe taratibu kwa kisu kipana, kwangua lami iliyokauka bila kuipiga msasa, kwa sababu vumbi lake si la kuvuta. Gundi nyeupe ya mbao haishiki kwenye lami, kwa hivyo usishangae kibao kikirudi kucheza baada ya wiki. Nunua gundi ya sakafu za mbao, mwulize muuzaji kama inakubali juu ya lami, bandika, weka kitu kizito juu usiku kucha. Kibao kikiwa kimepotea, uliza wanaouza vifaa vya nyumba zilizobomolewa. Mbao za zamani hupatana na za zamani.

Tahadhari ya moto

Hii usiiruke. Ukitumia mafuta ya kitani kwenye mbao, usiviringe kile kitambaa na kukitupa kwenye ndoo ya taka. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha chenyewe bila kiberiti. Kitandaze wazi nje kikauke kabisa, ama kiloweke majini kabla ya kukitupa.

Lini umwite fundi

Kama vanishi imechakaa chumba kizima, kama sakafu imevimba ama imepinda, kama kuna vitundu vidogo vinavyomwaga unga, hiyo si kazi ya Jumamosi. Kabla hujakubaliana bei, mwulize fundi mambo manne: ataanza na msasa namba ngapi na kumalizia na ngapi, atapaka safu ngapi za vanishi, mashine yake inakusanya vumbi ama vumbi litakuwa lako, na nani ananunua vifaa. Fundi anayejua kazi hujibu haraka. Anayesema "wewe wacha tu nitaona" atajifunzia kwako.

Sasa mambo ya landilodi

Siku ya kuingia, kabla mzigo haujashushwa, piga picha za sakafu kila chumba, mchana, madirisha wazi. Zitume kwa landilodi ama ajenti kwenye WhatsApp siku hiyo hiyo na maneno mawili matatu: "Hii ndiyo hali niliyoikuta." Tarehe imejiandika yenyewe.

Kabla ya kupiga msasa ama vanishi, omba ruhusa kwa maandishi. Nta na blanketi ni usafi. Msasa ni kubadilisha nyumba ya mtu, na ukiharibu utalipa kweli.

Soma mkataba wako tena. Mikataba mingi inasema urudishe nyumba ilivyokuwa ukiondoa uchakavu wa kawaida. Sakafu kufifia njiani kuelekea jikoni ni uchakavu wa kawaida. Mtaro wa mguu wa friji iliyoburutwa si kawaida, huo ni wako. Landilodi akikata pesa, mwombe akuonyeshe bei ya fundi na ni sehemu gani inarekebishwa. Vibao vitatu haviwezi kugharimu sawa na sebule nzima.

Na akikataa kabisa kusikia, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Zile picha za WhatsApp, mkataba na risiti ya dipoziti ndio mashahidi wako.

Bado unaishi humo?

Basi kazi yako ni ndogo. Weka kipande cha mkeka mlangoni, kwa sababu mchanga ulio kwenye soli ndio msasa unaofanya kazi kila siku bila malipo. Wageni wa skuna wavue. Usipige deki kwa maji ya kumwagika. Kamua kitambaa mpaka kisidondoshe, na jiki uiache chooni. Fanicha inuliwe na watu wawili, isiburutwe. Na kile kipande cha blanketi kitakachobaki, kikate miraba midogo, ubandike chini ya miguu ya kila kiti, meza na kitanda. Ni kazi ya nusu saa, na unaweza kuimaliza leo jioni.